Kuunda Upya Shirika la Misaada la Kimataifa: Mwongozo Kamili kwa Bodi, Menejimenti na Ofisi za Nchi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa bodi, wakurugenzi na viongozi wa ofisi za nchi ambao shirika lao limeamua, au linakaribia kuamua, kwamba muundo wake wa asili haulifai tena. Muundo wenyewe unafahamika: makao makuu katika mji wa nchi tajiri, bodi ambayo wajumbe wake karibu wote wanaishi jirani na makao hayo, na ofisi za nchi ambazo kisheria ni matawi tu, hazina bodi wala kura, na haziwezi kusaini mkataba wa maana bila kibali kutoka juu. Kwa miongo mingi mpangilio huo umetetewa kwa hoja moja, kwamba ndio unaolinda fedha za wafadhili. Hoja hiyo bado ina watetezi, lakini imepungua nguvu.

Imepunguzwa na mambo matatu. Mei 2016 jijini Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya kibinadamu walikubaliana kwamba ifikapo 2020 asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura iwafikie watendaji wa ndani ya nchi kwa njia iliyo ya moja kwa moja kadiri inavyowezekana. Muda ulipofika, zilizowafikia moja kwa moja zilikuwa asilimia chache tu. Mwaka 2018 zikafichuka habari za mwenendo mbaya wa kingono wa baadhi ya watumishi wa shirika la misaada la Oxfam ya Uingereza nchini Haiti baada ya tetemeko la 2010, na ikaonekana kwamba makao makuu yaliyo mbali hayana jicho kali kama yalivyodai. Kisha Machi 2025 serikali ya Marekani ikatangaza kwamba imefuta asilimia 83 ya programu za USAID, shirika lake la misaada kwa nchi za nje, na kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo shirika hilo likaacha kazi. Mashirika yaliyokuwa yakijadili muundo wao polepole yakajikuta yanajadili mishahara ya mwezi ujao.

Kuna jambo moja nitakalolirudia, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa mara nyingi. Madaraka ndani ya shirika la kimataifa hukaa katika vitu vinne: kura, fedha, jina na ajira. Ukihamisha ofisi kutoka bara moja kwenda jingine bila kuhamisha hata kimoja kati ya hivyo, umehamisha samani.

Hatua ya kwanza: Fuata nyayo za maamuzi

Usianze na chati ya muundo, kwa sababu chati huonyesha nani yuko chini ya nani na haionyeshi nani huamua. Chukua maamuzi kumi yaliyofanywa katika miezi kumi na miwili iliyopita, ya aina mbalimbali: kuajiri mkurugenzi wa nchi, kukubali ruzuku kubwa, kukataa ruzuku, kutoa tamko hadharani, kununua kifaa cha gharama, kufunga mradi. Kwa kila uamuzi andika nani alileta wazo, nani aliandika rasimu, nani angeweza kulizuia, nani alisaini, na nani aliarifiwa tu baada ya mambo kwisha.

Tuangalie mfano mmoja kwa karibu. Ofisi ya nchi inahitaji gari moja la kuwapeleka wahudumu wa afya vijijini. Mratibu wa mradi anaomba mwezi Februari, na mhasibu wa ofisi anathibitisha kwamba kasma (fungu la fedha) ipo kwenye bajeti iliyokwisha kuidhinishwa. Ofisi ya kanda inauliza maswali matatu. Kitengo cha manunuzi cha makao makuu kinarudisha fomu kwa sababu ankara kifani (makadirio ya bei kutoka kwa wauzaji) zilizoambatishwa ni mbili badala ya tatu. Kibali kinatoka Agosti, wakati barabara yenyewe imeshakatika kwa mvua. Ukiijaza safu hiyo kwenye jedwali utaona kwamba watu watano walikuwa na uwezo wa kuchelewesha, na hakuna hata mmoja kati ya wale walio karibu na kazi aliyekuwa na uwezo wa kuamua.

Zoezi hili lifanywe na watu wawili, mmoja wa makao makuu na mwingine wa ofisi ya nchi, na kila mmoja ajaze jedwali lake bila kuliona la mwenzake. Pale majedwali yanapotofautiana ndipo penye mazungumzo ya kweli, na kwa kawaida tofauti kubwa huonekana kwenye safu ya nani angeweza kuzuia.

Hatua ya pili: Andikeni sababu, kila moja kwa jina lake

Mashirika hubadili muundo ama kwa sababu ya haki, kwa maana kwamba wanaoathiriwa na uamuzi wawe na sauti ndani yake, ama kwa sababu ya ufanisi, ama kwa sababu fedha zimekwisha. Sababu zote tatu ni halali. Kinachoharibu ni kuivisha ya tatu nguo za ile ya kwanza. Mei 2020 Oxfam ilitangaza kwamba itaondoka katika nchi 18, hatua iliyogusa takriban watumishi 1,450 kati ya karibu 5,000 wa programu zake. Tangazo hilo lilizungumzia mwelekeo mpya wa kimkakati ulioandaliwa tangu awali, na pia pigo la kifedha lililoletwa na janga la korona. Msomaji wa nje anaweza kuipima kila sababu kwa uzito wake. Mtumishi anayeambiwa kwamba nafasi yake inafutwa kwa ajili ya kugatua madaraka, ilhali anajua kwamba akiba imekauka, hataamini neno jingine lolote mtakalosema katika miaka mitatu ya mageuzi.

Ukurasa mmoja unatosha. Upitishwe na bodi kwa azimio, na uambatishwe kwenye kila waraka utakaofuata.

Hatua ya tatu: Chagueni umbo

Maumbo yaliyopo si mengi, ingawa majina yake ni mengi. Lipo shirika moja lenye matawi. Lipo shirikisho, ambalo wanachama wake wamesajiliwa kila mmoja katika nchi yake lakini kituo, yaani ofisi ya kimataifa inayowaunganisha, kina nguvu juu ya viwango, jina na mara nyingine programu. Upo muungano wa wanachama huru, ambao kituo chake ni mratibu zaidi kuliko mkuu. Na upo mtandao, ambamo kinachowaunganisha wanachama ni lengo la pamoja na mkataba mwepesi.

Oxfam ilianza Oxford mwaka 1942, ikaunda Oxfam International mwaka 1995 kama muungano, na katika miaka ya 2010 ikahamishia sekretarieti yake Nairobi. ActionAid, iliyoanzia Uingereza mwaka 1972, ilizindua mwaka 2003 muundo wa kimataifa wenye sekretarieti Johannesburg, ambamo ofisi za nchi huendelezwa hatua kwa hatua mpaka ziwe wanachama kamili wenye bodi na kura zao. Médecins Sans Frontières (Madaktari Wasio na Mipaka), ambayo vituo vyake vya kuendesha programu vilikuwa Ulaya pekee, ilifungua kituo cha Afrika Magharibi na Kati chenye makao yake Abidjan. Save the Children, shirika la kuwasaidia watoto, ilikwenda upande ambao wengi hawautarajii: wanachama wake, ambao zamani wangeweza kuwa na ofisi kadhaa tofauti ndani ya nchi moja, waliunganisha programu zao chini ya chombo kimoja cha kimataifa. Kwa hiyo mageuzi ya muundo si lazima yawe ya kutawanya. Yapo mazingira ambamo kukusanya ndiko kunakompa mwananchi na serikali yake mlango mmoja wa kubisha.

Kabla ya kupiga kura juu ya umbo, jiulizeni swali la watu wasiokuwapo mezani: je, nchini humo hakuna tayari mashirika ya wenyeji yanayofanya kazi hiyohiyo? Kuigeuza ofisi ya nchi kuwa shirika la kitaifa lenye jina kubwa la kimataifa, wafadhili wa kimataifa na mishahara mikubwa kunaweza kuwa njia ya kumzalishia mwenyeji mshindani mpya mwenye pasipoti yake. Hili ni lalamiko la mashirika ya wenyeji kwa miaka mingi, na katika ahadi ya Pledge for Change iliyozinduliwa Oktoba 2022, mashirika kadhaa makubwa ya kimataifa yalikubali kujenga ubia wa usawa na mashirika ya ndani. Mara nyingine jibu sahihi ni kutosajili chochote kipya, kumkabidhi kazi aliyepo, na kuondoka.

Hatua ya nne: Tafuteni mwanasheria mapema, wa pande zote

Hapa nitakwenda haraka, kwa kuwa kila nchi ina sheria zake, lakini mitego ni ileile. Wa kwanza ni sheria ya nchi zinazotoa fedha. Nchini Uingereza wadhamini, yaani wajumbe wa bodi ya shirika, hubaki na wajibu wa kuhakikisha kwamba fedha zimetumika kwa madhumuni ya shirika lao hata zikitumika ng'ambo, na nchini Marekani mamlaka ya kodi hutaka shirika linalopeleka fedha nje libaki na udhibiti na hiari juu ya matumizi yake. Wajibu huo hauwezi kufutwa kwa azimio la kugatua. Unaweza tu kutimizwa kwa njia nyingine, kama vile mkataba wa ruzuku ulioandikwa vizuri na ukaguzi wa hesabu wa kila mwaka.

Mtego wa pili ni sheria ya nchi zinazopokea. Mwaka 2020 India ilirekebisha sheria yake ya michango kutoka nje, ikapiga marufuku mpokeaji kuipitisha michango hiyo kwa shirika jingine, na kushusha kiwango cha juu cha gharama za utawala kutoka asilimia 50 hadi 20. Muundo wowote uliomtegemea mwanachama wa India kuwagawia fedha washirika wadogo uliharibika kwa mkupuo mmoja. Ethiopia nayo mwaka 2009 ilizuia mashirika yenye zaidi ya asilimia 10 ya fedha kutoka nje kushughulikia haki za binadamu, kisha ikaifuta sheria hiyo mwaka 2019. Funzo ni kwamba katiba ya kimataifa iwe na kifungu kinachoeleza itakavyokuwa iwapo mwanachama atazuiwa na sheria ya nchi yake kupokea fedha au kushiriki vikao.

Mtego wa tatu ni mahali pa kusajili chombo cha juu. Mashirika mengi yameichagua Uholanzi, ama kwa umbo la taasisi, ambalo kisheria halina wanachama, ama kwa umbo la chama, ambalo lina wanachama na mkutano mkuu. Tofauti hiyo inaonekana ya karani, kumbe ni ya msingi: katika umbo lisilo na wanachama, madaraka ya mkutano mkuu hayatoki kwenye sheria, hivyo ni lazima yaandikwe kimoja kimoja ndani ya hati ya kuanzishwa. Kisichoandikwa kitabaki kwa bodi.

Hatua ya tano: Andikeni katiba mkianza na kura

Swali la kwanza ni nani ana kura, na ya uzito gani. Mwaka 2017 Amnesty International, shirika la kutetea haki za binadamu, iliamua kubadili mfumo wake wa utawala, na mkutano mkuu wa kwanza chini ya mfumo mpya ukafanyika Warsaw mwaka 2018, ambapo kila tawi la kitaifa lina kura moja. Kanuni ya kura moja kwa mwanachama mmoja ni nzuri kwa usawa, lakini ina hofu yake: wanachama wachache wanaochangia sehemu kubwa ya mapato wanaweza kuhisi kwamba wanaamuliwa na wasiochangia, na badala ya kupinga kikaoni wakaanza kubana mchango kimyakimya. Kanuni ya kura kwa uzito wa fedha, kwa upande wake, humrudishia mtoaji kila kitu ambacho mageuzi yalikusudia kukigawa.

Njia ninayoipendekeza ni kura moja kwa kila mwanachama katika mambo ya kawaida, na wingi wa aina mbili katika mambo machache yaliyotajwa kwa majina: kubadili katiba, kumfukuza mwanachama, kufunga programu ya nchi na kupitisha kanuni ya ugawaji wa mapato. Wingi wa aina mbili maana yake ni kwamba pendekezo lipate theluthi mbili ya kura zote, na ndani yake iwemo zaidi ya nusu ya wanachama wa nchi ambako programu zinatekelezwa. Orodha hiyo iwe fupi. Ikifika mambo kumi, mtakuwa mmejenga shirika lisiloweza kuamua lolote.

Bodi ya kimataifa isitokane na wanachama peke yao. Theluthi moja au zaidi wawe wajumbe huru waliochaguliwa kwa ujuzi, kwa kamati ya uteuzi ambayo mwenyekiti wa bodi si mwenyekiti wake. Kipindi kiwe miaka mitatu, kisirudiwe zaidi ya mara moja. Mgongano wa maslahi utangazwe mwanzoni mwa kila kikao na uandikwe kwenye muhtasari, ukiwemo ule unaosahauliwa: mjumbe anayetoka kwa mwanachama ambaye ruzuku yake inajadiliwa.

Halafu yapo mambo madogo ambayo ndiyo huamua nani anasikika. Nimewahi kuketi katika kikao ambacho kabrasha la kurasa 212 lililetwa siku mbili kabla, kwa lugha moja tu, na wajumbe wanne kati ya kumi na mmoja hawakufungua mdomo mpaka kikao kikafungwa. Muhtasari uliandika kwamba uamuzi ulipita kwa kauli moja. Wekeni kwenye kanuni, wala si kwenye nia njema, kwamba nyaraka zitafika siku kumi na nne kabla, kwamba muhtasari wa kila hoja utatafsiriwa, kwamba wakalimani watakuwepo, na kwamba saa za vikao vya mtandaoni zitazunguka ili asiwe mtu yuleyule anayeamka saa tisa ya usiku kila mara.

Hatua ya sita: Gawaneni fedha, pamoja na zile zisizo za mradi

Hapa ndipo mageuzi mengi hukwama, na sababu huonekana kwa hesabu nyepesi. Tuseme mfadhili ametoa dola 1,000,000. Makao makuu yanakata asilimia 10 kama gharama zisizo za moja kwa moja (za kuendesha shirika, si za mradi wenyewe), zinabaki 900,000. Ofisi ya nchi inatumia asilimia 30 ya kiasi hicho kwa wasimamizi, pango na magari, zinabaki 630,000. Washirika watatu wa ndani wanapewa 210,000 kila mmoja, kwa mkataba unaosema kwamba kila senti itumike kwa shughuli za mradi. Mhasibu wa mshirika, pango lake na mkaguzi wake wa hesabu hawana pa kutolewa. Baada ya miaka miwili inaandikwa tathmini ya uwezo, na tathmini inasema: mifumo ya fedha ya mshirika ni dhaifu.

Dawa ya kwanza ni kuigawa asilimia ya gharama zisizo za moja kwa moja kwa kila ngazi inayotekeleza. Kitengo cha Umoja wa Ulaya cha misaada ya kibinadamu kwa kawaida hulipa asilimia 7, na Marekani ilipandisha kiwango chake cha msingi kutoka asilimia 10 hadi 15 kuanzia Oktoba 2024. Asilimia 7 ya 210,000 ni dola 14,700, kiasi ambacho kinaweza kumweka mhasibu kazini. Dawa ya pili ni kumruhusu mwanachama mpya kujenga akiba yake. Shirika lisilo na akiba ya miezi mitatu ya mishahara halina uhuru wa kukataa ruzuku mbaya, hata likiwa na kura kumi.

Kubalianeni pia ni nani anabeba hasara sarafu ikishuka kati ya siku ya kusaini na siku ya kupokea, na ni nani anarejesha fedha mkaguzi wa mfadhili akiyakataa matumizi. Mikataba mingi humtwisha mshirika hasara zote mbili bila kusema wazi. Someni vifungu hivyo kwa sauti mbele ya pande zote.

Hatua ya saba: Jina na ajira

Mwanachama mpya atatumia jina na nembo kwa leseni. Tazameni kifungu cha kusitisha leseni kabla ya vingine vyote. Kikisema kwamba kituo kinaweza kuiondoa haki hiyo wakati wowote kwa maoni yake, basi bodi ya mwanachama ni pambo, kwa sababu wafadhili wake wote wamefuata jina. Kifungu chenye afya hutaja sababu za kusitisha, hutoa siku tisini za kurekebisha kasoro, na huupeleka mgogoro kwa jopo ambalo kituo hakiliteui peke yake.

Kuhusu ajira, mkurugenzi wa nchi aajiriwe, apimwe na ikibidi aachishwe na bodi ya nchi. Kituo kinaweza kuwa na mjumbe kwenye jopo la usaili, kisiwe na turufu. Watumishi wanaohamia chombo kipya waende na miaka yao ya utumishi, na deni la likizo, kiinua mgongo na michango ya pensheni lihesabiwe na mkaguzi na kulipwa na mwajiri wa zamani kabla ya tarehe ya makabidhiano. Mwanachama anayezaliwa na deni la kiinua mgongo la miaka ishirini amezaliwa amefilisika.

Hatua ya nane: Njia ya malalamiko isikatike

Katika kipindi cha mpito watu hawajui wamlalamikie nani, na wanaonyanyasa hulijua hilo. Simu na kisanduku cha malalamiko viendelee kufanya kazi bila kukatika hata siku moja. Bodi ya nchi ipokee taarifa, lakini iwepo njia ya pili inayomfikia mtu aliye nje ya nchi na nje ya menejimenti, kwa ajili ya siku ambayo mlalamikiwa ni mwenyekiti mwenyewe. Rejea za utumishi na matokeo ya uchunguzi vihifadhiwe mahali ambapo mwanachama mwingine anayetaka kuajiri anaweza kuuliza na kujibiwa, kwa kadiri sheria ya taarifa binafsi inavyoruhusu.

Hatua ya tisa: Makabidhiano

Wekeni kipindi cha mpito cha miezi kumi na minane hadi miaka mitatu kutegemea ukubwa wa ofisi, na kila dirisha la uangalizi wa kituo liwe na tarehe ya kufungwa kwake lenyewe, bila kuhitaji kura mpya. Uangalizi unaohitaji kura ili ukome huwa haukomi. Baada ya mwaka rudieni jedwali la hatua ya kwanza kwa maamuzi kumi mapya, mkitumia watu wengine wawili, na mlinganishe safu ya nani angeweza kuzuia.

Kikao cha kwanza cha bodi mpya kiwe na hoja ya bajeti, ili wajumbe wakutane wakiwa na jambo la kuamua. Watia saini wa akaunti wabadilishwe wiki hiyohiyo. Benki huomba azimio la bodi lenye saini na muhuri, nakala ya cheti cha usajili na vitambulisho vya watia saini wapya, na hukawia hata kama kila kitu kimekamilika. Kwa hiyo azimio hilo liandaliwe kabla ya sherehe ya uzinduzi. Nimeona shirika likizinduliwa kwa ngoma na hotuba, kisha kwa miezi mitano mishahara yake ikaendelea kusainiwa na mtu aliyekwisha kuhamia nchi nyingine.